Majivu ya Pumba na Taa za Gari Lako

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tena, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia, na sitaanza leo. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi hapa Ifakara. Mikono inanuka mafuta ya kupikia na majivu. Mdogo wangu, Neema wetu, yuko ndani, anapasuliwa. Mumewe, Baba Kelvin, anatembea huku na huku mpaka ananitia kizunguzungu. Wametuambia tusubiri, na kusubiri mimi sikuwezi, unanijua. Basi nakuandikia wewe.

Gari lako bado tunalo. Wajomba wamesema weee, liuzwe, liuzwe, nikakataa. Unazikumbuka taa zake? Plastiki ilivyofubaa ikawa njano, ukiziwasha giza likiingia unapata mwanga wa kibatari. Tulikuwa tukitoka kijijini Mbingu na magunia ya mpunga hadi kwenye kioo cha nyuma, jua linazama, wewe unausogelea usukani na kuniambia, "Mwanangu, niangalizie." Mimi kichwa nje ya dirisha, vumbi mdomoni, napiga kelele: baiskeli! Mtu! Shimo! Neema amelala nyuma juu ya magunia, hana habari. Nilidhani ni mchezo. Mpaka jioni ile tulipokuta kundi la ng'ombe limejaa barabara nzima, nami sikuliona mpaka pembe zilipokuwa mbele ya boneti. Ulishika breki gari likakaa upande. Uliushika mkono wangu, na wako ulikuwa wa baridi.

Jumamosi yake ndipo ulipotoka jikoni na lile kopo lako la majivu ya pumba za mpunga. Sufuria zako zilijulikana mtaa mzima wa Viwanja Sitini, ukiitazama moja unaona mpaka meno yako. Ukatangaza, "Taa nazo ni sufuria tu. Zimeungua na jua badala ya moto." Ila majivu ya sufuria ulikuwa unayachekecha kwa kanga kuukuu mpaka yanakuwa laini kama poda ya mtoto. Gari hukulipa heshima hiyo. Nilipokuuliza ukanijibu, "Kwani hili nalipikia wageni?" Ukasugua na chenga zake, kwa nguvu zako zote, kama mashine ya kukobolea. Taa zilipokauka zilikuwa nyeupe pe, mikwaruzo kila upande. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye ngazi. Nilicheka na mimi, lakini niliogopa, kwa sababu kesho yake tulikuwa na safari ya Mbingu.

Sasa sikia ya leo.

Neema ana mimba ya pili, na Kelvin alizaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo walishamwambia asijaribu kujifungulia kijijini kwao Mbingu. Tulipanga nikamchukue Jumamosi akae kwangu asubiri siku zake. Nikaona nisiende na taa zile. Fundi mmoja wa rangi alinielekeza: bandika selotepu pembeni usije ukakwaruza bodi, sugua kwa msasa wa maji, anza na wenye chenga, malizia na ulio laini kabisa, kisha polishi, mwisho unapuliza ile rangi ya kukinga jua wanayoiita klia. Akanionya, "Dada, usishtuke. Lazima zizidi kuharibika ndiyo zipendeze." Polishi na klia nikaagiza Morogoro, zije kesho na basi.

Leo jioni, nje pale pa kuanikia, nilikuwa nimemaliza msasa. Maji meupe kama ya kuoshea mchele yalikuwa yakitiririka kwenye bampa. Taa zote mbili zilikuwa zimeziba kama zimepakwa uji. Simu ikalia.

"Shemeji, uchungu umemshika," Baba Kelvin akasema, anahema. "Nesi anasema hapa zahanati hawamwezi, aletwe Ifakara sasa hivi. Gari la wagonjwa limekwenda Mlimba. Njoo, shemeji."

Mama, nilizitazama zile taa. Kwenda ningewahi na mwanga. Kurudi ingekuwa giza, na mvua ilikuwa imetanda. Jirani mwenye gari hapokei simu. Bodaboda kwa mwanamke mwenye kovu tumboni, kwenye matope yale? Nilikuwa nimezipofusha taa kwa mikono yangu, na polishi iko Morogoro!

Sijui ni nani aliyenipeleka jikoni. Nadhani ni wewe. Kopo lako bado liko pale juu ya kabati, majivu yamefika nusu. Nikachana kipande cha kanga yako ya zamani, unisamehe, ni ile ya maua ya zambarau. Nikachekecha. Nikachekecha tena, maana zamu hii nilikuwa napikia wageni. Nikayalowesha, nikasugua taratibu kwa mizunguko midogo, machozi yananitoka na mdomo unakutukana na kukuomba kwa pamoja. Nilipofuta, taa ya kushoto ikafunguka. Haikuwa kama kioo, lakini balbu niliiona ndani. Nikahamia ya kulia. Juu nikapaka mafuta ya kupikia, nimewaona madereva wakifanya hivyo kabla ya kuuza gari. Nikawasha. Ukuta wa jiko ukawaka.

Neema nilimkuta amejikunja kwenye mkeka. "Dada, umechelewa," akasema, halafu akanishika shingo kwa nguvu mpaka nikaumia. Tukamlaza nyuma, kichwa mapajani kwa mumewe. Giza lilitukuta tukiwa bado na nusu ya njia. Kila gari liliporuka shimo alipiga ukelele, na kila nilipopunguza mwendo Baba Kelvin alisema, "Shemeji, twende." Niende wapi, na matope yale?

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Mama, niangalizie."

Walikuwa palepale, Mama. Ng'ombe, barabara nzima, kana kwamba hawajaondoka tangu ile jioni. Lakini nililiona shati la mchungaji kwanza, mbali, kisha pembe, kisha migongo inayometameta kwa mvua. Nilikuwa na nafasi ya kushika breki polepole kama mtu mwenye akili zake. Mchungaji akawaswaga pembeni, akainua fimbo. "Pita, mama, pita pole." Nikapita. Nyuma Neema hakujua hata kama tumesimama.

Naogopa, Mama. Nimefika, taa zimefanya kazi yake, na bado naogopa kuliko nilivyoogopa njiani. Njiani nilikuwa na usukani wa kushika. Hapa nina kalamu tu. Usimchukue. Nakuambia kabisa, kama una neno lolote huko uliko, waambie huyu bado tunamhitaji.

Nesi amefungua mlango. Ameuliza, "Ndugu wa Neema?" Baba Kelvin ndiye aliyejibu.

Wazima, Mama. Wote wawili. Ni wa kike.

Nimelia mpaka mama mmoja nisiyemfahamu amenipa kanga yake nijifutie. Kesho polishi ikifika nitazirudia taa zako vizuri, maana haya mafuta yatakamata vumbi na kufifia. Nitapuliza na klia. Nataka siku ya kuwarudisha nyumbani zimulike mpaka mwisho wa barabara. Huyu mtoto akikua hatalazimika kutoa kichwa dirishani. Hata hivyo nitamkalisha kiti cha mbele, jua likizama nitausogelea usukani, na nitamwambia, "Mwanangu, niangalizie."

Lala salama, Mama. Usiku huu nami nitalala.

Ni mimi, mwanao wa kiti cha mbele