Breki ya Pikipiki Yetu

Fredrick mjukuu wangu,

Leo bibi yako nimeitoa pikipiki gereji mpaka nyumbani peke yangu! Nimeikokota, na mgongo umekwisha. Nimeenda kwa jirani Anna akanikande.

Usiipande, breki bado haishiki. Mkeo mpeleke kliniki kwa ~~boda~~ bajaji, tumbo lile si la kurushwarushwa. Ugali nimeufunika.

Keria imejaa pamba, nikamuuliza fundi, "Baba, umevunia pikipiki yetu?" Akaapa, "Bibi, haki ya Mungu, haijatoka humu gereji!" Hapohapo akaingia mama mmoja na kiroba chake cha pamba, akamwambia fundi: "Kaka wa boda, nipeleke tena nyumbani, ila leo usisimamie kwenye ua wangu wa minyaa kama jana!"

Bibi yako, niliyechoka