Mwalimu Wangu Alipoacha Kuimba Thieta

Alhamisi, jioni. Kitengela leo ni upepo na vumbi tu. Nimerudi nikakuta mchanga dirishani, kwenye sufuria, hata juu ya mto wa kulalia, na maji ya bomba ni yale ya chumvi yanayoharibu chai. Nimeinywa hivyo hivyo. Nina huzuni, na sina nguvu za kujifanya sina.

Sikupita.

Wengi mnaopita hapa si madaktari, kwa hiyo nieleze. Ninasomea upasuaji wa masikio, pua na koo. Kila upasuaji tunaojifunza, mwalimu anatupima kwa madaraja. La kwanza, unatazama. La pili, unashika kifaa na mwalimu yuko tayari kukunyang'anya. La tatu, unafanya mwenyewe lakini mwalimu yuko chumbani. La nne, unafanya mwenyewe na mwalimu yuko kwake anakula githeri. Tonsili nilishapata nne. Pua pia. Kilichobaki ni mfupa ulio nyuma ya sikio, ule tunaouchimba kwa drili ndogo chini ya darubini, kuondoa ugonjwa unaotoa usaha miaka nenda miaka rudi. Ndani ya mfupa huo umepita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Ukiuharibu, mgonjwa anaamka mdomo umeenda upande na jicho halifungi.

Nikipata nne ya sikio, nimemaliza masomo. Nikimaliza, kuna nafasi Kajiado inayoningoja. Na nikiwa Kajiado, na saa za kazi zinazoeleweka, nitamchukua Sein.

Sein ni binti yangu. Yuko Kimana kwa mama yangu tangu alipoacha kunyonya, kwa sababu zamu zangu hazitabiriki na hapa sina mtu wa kumwachia. Anakua katikati ya vitunguu na nyanya, na mashavu yake yamejaa. Mama yangu namwita yeyo, kama tunavyoita mama kwa Kimaasai, na Sein aliposikia hivyo naye akamwita yeyo. Sasa mimi ninaitwa Mama Kitengela. Watu wanacheka wakisikia, na mimi hucheka nao.

Namtamani mtoto wangu. Natamani kumwosha miguu jioni. Natamani hata kumgombeza kwa kumwaga uji, maana anayemgombeza ni mtu mwingine.

Kwa hiyo leo nilienda Kajiado nikiwa nimeubeba moyo mkononi. Mwalimu wangu, Daktari Muriuki, huja pale kila mwezi kupasua na kutupima. Ni mzee wa kanisa kutoka Nyeri, mpole, mwenye tumbo la mtu anayependa chapati, na ndani ya thieta, chumba cha upasuaji, huwa anaimba. Haimbi maneno. Ni nyimbo za kanisani, anazivumisha tu ndani ya barakoa huku akitazama kwenye lenzi ya pili ya darubini, begani kwako kabisa. Drili ikitulia kidogo, unamsikia.

Sisi wanafunzi wake tuna siri yetu kuhusu huo wimbo. Mwaka wangu wa kwanza, aliyenitangulia alinivuta kando akaniambia, "Msikilize mzee. Akiimba, endelea. Akinyamaza, toa mkono." Mimi pia nimewaambia walionifuata. Imetuokoa mara nyingi, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenyewe.

Mgonjwa wa leo alikuwa bibi mmoja wa kutoka pande za Kisaju. Nilimsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya, koko," yaani bibi, akaitikia, "Iko," akanishika kidole. Sikio lake la kulia limetoa usaha tangu akiwa msichana. Ndewe zake ni ndefu, zimetobolewa na kuvutwa kwa desturi, zinafika karibu na bega. Kabla ya kulala kwa dawa, aliniuliza jambo moja tu.

"Hii ndefu mtakata?"

"Hapana, koko. Tunapita hapa nyuma. Hiyo hatuguzi."

"Ukikata nitajua," akasema, na akafunga macho.

Sister, muuguzi wetu, akaikunja ile ndewe taratibu, akaifunga mbele na plasta mbali na njia yetu, kama mtu anayekunja leso ya harusi. Nikaanza. Na leo, nisijinyime sifa, mkono wangu ulikuwa mtamu. Mfupa ulifunguka vizuri. Niliuona ukuta wa ubongo juu, nikauacha. Niliuona ule mshipa mkubwa wa damu wa nyuma, rangi ya samawati chini ya mfupa mwembamba, nikauacha. Daktari Muriuki aliimba wimbo mmoja akamaliza, akaanza mwingine. Nilikuwa nimeanza kumwona Sein akipanda kitanda changu asubuhi.

Nikafika karibu na njia ya mshipa wa uso. Hapo ndipo alipoacha kuimba.

Nikatoa mguu kwenye pedali. Drili ikanyamaza. Nikainua mkono kabisa, nje ya sikio.

"Daktari, niko karibu sana?"

"Sijui," akasema. "Wewe unaona nini?"

Nikarudi kwenye darubini nikaangalia. Mfupa ulikuwa mweupe, mnene, na ule mshipa ulikuwa bado mbali, pale pale vitabu vinaposema utakuwa. Hapakuwa na kosa lolote. Nikamwambia ninachokiona, akasema, "Haya basi," nikaendelea hadi mwisho. Ugonjwa wote nikautoa. Hakunigusa mkono hata mara moja.

Koko alipoamka nilimwambia afunge macho, akafunga yote mawili. Nikamwambia atabasamu. Hakutaka kutabasamu mpaka kwanza apapase ndewe yake. Akaipata, nzima, chini ya bandeji. Ndipo akatabasamu, pande zote mbili sawasawa, akasema "Ashe oleng," asante sana, na mimi nikajua nimepita.

Kumbe.

Tulikaa kwenye chumba cha chai. Daktari Muriuki alinimiminia mwenyewe, jambo ambalo huwa halifanyi, na hilo tu lingenitosha kujua.

"Hiyo kazi umefanya vizuri kuliko wengi," akasema. "Lakini siwezi kukupea nne. Nimeandika tatu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu uliacha kuchimba nilipoacha kuimba."

Nikaitazama chai.

"Unafikiria sijui?" akasema. "Nyinyi wote mnanisikiliza. Nimejua hiyo maneno miaka mingi. Leo koo lilinikauka tu, daktari wangu. Hii vumbi ya Kajiado. Nilikuwa nameza mate."

Daktari wa koo, koo limemkauka, na mimi nimebaki darasani kwa sababu hiyo. Kama si mimi ningecheka. Nilikasirika. Nilimwambia hakuna madhara yaliyotokea, kusimama si kosa, na ni yeye aliyetufundisha kwamba ukiwa na shaka usimame.

"Ukiwa na shaka," akasema. "Wewe hukuwa na shaka. Mimi ndiye ulifikiria niko nayo. Sasa ukiwa hapa peke yako, na mimi niko Nyeri, utasikiliza nani?"

Alisema tutajaribu tena mwezi ujao, akanisukumia sahani ya mandazi. Sikula. Barabara yote ya kurudi nilikuwa nikimjibu kichwani, na kila jibu lilikuwa tamu mpaka nilipofika kwenye lile swali lake. Wewe unaona nini? Aliponiuliza, nilihitaji kurudi kuangalia. Macho yangu yalikuwa kwenye darubini muda wote, na bado nilihitaji kurudi kuangalia. Nilikuwa nimeyaacha masikio yangu yafanye kazi ya macho. Ana haki, na ninachukia kwamba ana haki.

Jioni nikampigia mama. Nikamwambia bado. Akauliza bado nini, nikasema bado sijamaliza, labda mwezi ujao. Nilitaka asikitike kidogo pamoja nami.

"Hakuna haraka," akasema. "Mtoto ako sawa."

Najua yuko sawa. Ndilo linaloniuma.

Akampa simu. Sein alikuwa anatafuna kitu. Akanieleza habari ndefu ya mbuzi aliyeingia kwenye nyanya na jinsi yeyo alivyomkimbiza na ndala. Mimi nikawa namwitikia tu ili asiache. Halafu nikamwambia nilichokuwa nimepanga kumwambia leo kwa furaha. Nikamwambia mama akimaliza shule atakuja kumchukua.

Akaacha kutafuna.

"Kunipeleka wapi?"

Aliuliza vizuri, bila hofu, kama anavyouliza ng'ombe wanapelekwa wapi. Nikasema nyumbani. Akasema, "Aaa," akarudisha simu kwa mama, kwa sababu mbuzi alikuwa amerudi.

Nimekaa hapa na simu mapajani tangu wakati huo. Mara ya mwisho kwenda Kimana ilikuwa kabla ya mvua. Kila nilipotaka kwenda nilijiambia nisiende mikono mitupu, niende na barua ya kumaliza, niende siku ya kumchukua, ili tusilie mara mbili. Nilifikiri nakuwa na subira. Hakuna aliyenikataza kwenda. Nilikuwa nangoja tu mtu aniambie kwamba sasa naweza.

Sifa za mkono mtamu zitangoja. Nimemwandikia Daktari Muriuki kwamba mwezi ujao naomba akae nje ya mlango wa thieta, na kama lazima awe ndani, anyamaze tangu mwanzo. Amenijibu: "Nitajaribu. Mimi pia nimezoea."

Halafu nimemwomba mwenzangu anishikie zamu ya Jumamosi. Amekubali, na mimi nitamshikia Pasaka yote. Nitatoka alfajiri, niwe Kimana jua halijawa kali. Sina barua, sina daraja la nne, na simchukui mtu. Naenda tu, mtoto wangu anione nikikimbiza mbuzi.