Kikohozi Nilichokificha

Chanika, Dar es Salaam
Jumatano asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, miwani iko puani na goti limekupunguzia maumivu. Dada Eliza alinipigia akasema siku hizi unakwenda hadi kisimani bila fimbo. Nilifurahi, halafu nikaanza kuhofia utateleza. Mbuzi hawajambo? Na punda je? Ukinijibu, anza na habari za punda kabla ya habari za watu. Ukisoma mpaka chini utaelewa kwa nini.

Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haikai. Naandika hapa kwenye chumba chetu cha wafanyakazi, na kabla ya kufika mstari huu nimeshatoka mara mbili kwenda kuchungulia banda la wagonjwa, nikanawa, nikabadili nguo, nikarudi. Karatasi hii haijafika bandani hata kidogo. Ishike bila wasiwasi.

Ningeweza kupiga simu. Ila simu ya nyumbani mnaiweka spika, kila aliyepo anasikia, na jambo hili nataka ulijue wewe kwanza. Siku ya kumwekea mama msalaba kaburini nilikwambia kazi zimebana, siwezi kuja. Ukasema, "Haya mwanangu, kazi ni kazi." Baba, sikukudanganya, lakini sikukwambia yote. Nilikosa siku ile kwa kosa langu mwenyewe.

Unajua tulikuwa na farasi kumi na mmoja hapa. Watoto wa watu wanakuja Jumamosi kujifunza kupanda. Wiki moja kabla ya Jumatatu ambayo ningeanza likizo, aliletwa farasi mpya kwa lori kutoka Arusha, dume la rangi ya kahawia, mpole mno. Kanuni ya hapa ni kwamba mgeni anakaa peke yake wiki tatu kwenye kibanda cha nyuma, kwenye mikorosho, mpaka tujue hana ugonjwa. Kumhudumia nilipewa mimi.

Siku ya nne alfajiri nilikuwa namwekea maji. Akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu aliyepaliwa na ugali. Nikasimama na ndoo mkononi nasikiliza. Akakohoa tena, kisha akainamisha kichwa akanywa kama kawaida. Nikajiambia ni vumbi la safari. Lakini Baba, mimi nimekua na wanyama. Wewe ulinifundisha kumsikiliza punda kifuani kabla sijajua kusoma. Nilijua kikohozi kile si cha vumbi.

Siku hiyohiyo mchana upepo wa mvua uling'oa mabati ya kibanda cha nyuma. Msimamizi wetu, kaka Shabani, akaja mbio amelowa.

"Vero, huyu jamaa hawezi kulala hapa. Tumwingize banda kubwa, pale pembeni ya Zabibu. Umemwona na ishu yoyote?"

Tiketi ya basi nilikuwa nimeshakata. Kitenge cha kuvaa siku ya msalaba nilikuwa nimekipiga pasi na kukikunja. Nilijua nikisema amekohoa, geti litafungwa na hakuna mfanyakazi atakayeruhusiwa kwenda kokote. Nikamjibu, "Hana."

Ni neno moja tu. Tangu siku hiyo nimelirudia kichwani kila ninapoinama kuokota ndoo.

Jumapili Zabibu hakugusa chakula. Zabibu ni farasi jike mzee, mweupe, ndiye aliyekuwa akipewa watoto waoga. Mtoto akilia juu yake, yeye anasimama tu, anangoja machozi yaishe. Siku hiyo alisimama kwenye kona, kamasi zinamtoka, ukimgusa shingoni anaungua. Jumatatu asubuhi wagonjwa walikuwa wanne. Begi langu lilikuwa mlangoni. Nikalirudisha chini ya kitanda.

Daktari wa mifugo akaja, dada mmoja kijana, mkali kama pilipili. Alichukua vipimo vya pua akavituma maabara, lakini hakungoja majibu kutupa amri. Akasema ni mafua ya farasi. Ni kirusi. Farasi mmoja akikohoa kinaruka kwa hewa mbali kuliko unavyodhani, na kinasafiri pia kwenye ndoo, hatamu, mikono na nguo zetu. Chanjo ya farasi wetu ilikuwa imepitiliza muda, maana kila mwezi tulisema mwezi ujao. Akatugawa makundi mawili. Wanaogusa wagonjwa wasiwaguse wazima, wasile nao, wasibadilishane hata ufagio. Geti likafungwa. Mlangoni pakawekwa beseni la dawa ya kuua vijidudu, kila gambuti lazima lichovywe. Asubuhi na jioni kila farasi anapimwa joto na kuandikwa kwenye daftari. Nyasi zao tunazilowesha ili vumbi lisiwachokoze mapafu. Na hakuna kuwakimbiza, hata hatua kumi. Wapumzike tu.

Mwenye farasi ni mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Jona. Siku ya pili ya kufungiwa alituita wote uani, tukasimama mbalimbali. Alikuwa amefura kwa hasira. Akamgeukia Shabani.

"Nani alikuruhusu kumtoa mgeni kule? Miaka tisa uko hapa, hujui sheria? Kusanya vitu vyako. Geti likifunguliwa tu, uende."

Shabani hakujitetea. Aliangalia chini tu. Ana watoto watatu, na mama yake anaishi naye. Baba, nilihisi miguu inataka kunitoa pale, inipeleke hata nisikokujua. Badala yake mdomo ukafunguka.

"Mama, Shabani aliniuliza. Mimi ndiye niliyesema hana kitu. Nilikuwa nimemsikia akikohoa asubuhi."

Shabani aliinua uso akanitazama, na mtazamo ule sitausahau.

"Kwa nini ulinyamaza?" Mama Jona akauliza.

"Nilitaka kwenda kwenye msalaba wa mama yangu."

Nilidhani atanifukuza palepale. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa kanga, akasema, "Na mimi mama yangu alizikwa nikiwa mbali. Ndiyo maana sikutukani. Lakini hapa hutoki mpaka farasi wa mwisho apone. Wagonjwa wote ni wako."

Basi wakawa wangu. Walifika saba. Shabani akapewa wale watano wazima upande wa pili, na kwa siku kadhaa hakuniongelesha isipokuwa kunipigia kelele namba za joto kutoka ng'ambo ya ua ili niziandike. Namba tu, hata jina langu haliiti.

Sasa nakuja kwenye punda. Nje ya ukuta wetu, upande ambao ukuta umeishia na kuna uzio wa waya tu, anapita mzee mmoja wa Lindi, Baba Zuhura. Ana punda watano. Huku Chanika watu wanajenga kila siku, na nyumba nyingi mpya bado hazina maji, kwa hiyo yeye ndiye anayewapelekea maji na mchanga. Punda wake wana mazoea ya kusimama pale kwenye waya na kunusana na farasi wetu. Daktari alipokuwa anaondoka nilimuuliza, "Na punda?" Akasema, "Punda ndio huumia zaidi, hasa wanaofanyishwa kazi wakiwa wagonjwa. Mapafu yanaharibika, wanakufa." Nikakuona wewe, Baba, na wale wako wanne.

Nikamsubiri Baba Zuhura. Nilisimama katikati ya uwanja, mbali na waya, yeye barabarani, tukawa tunapigiana kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

"Shikamoo! Usiwalete punda huku! Farasi wana ugonjwa!"

"Marahaba! Juzi mmelalamika mavi ya punda wangu barabarani. Leo mnawaonea huruma?"

"Ni kweli, mzee wangu! Watakohoa, watakufa! Wapeleke mbali wiki tatu!"

"Wiki tatu! Maji ya watu nibebe kichwani? Farasi wa matajiri wanaumwa, punda wa maskini ndio wapumzike!"

Akaanza kuondoka. Nikaona nikimwacha aende nitakuwa nimenyamaza mara ya pili. Nikapaza sauti, na wapita njia wanasikia, fundi mmoja juu ya ukuta wa nyumba mpya anasikia: "Mzee, ugonjwa huu nimeuingiza mimi! Nilisikia farasi anakohoa nikaficha! Usiniache niue na punda wako!"

Alisimama. Hakugeuka mara moja. Alimshika punda wa mbele sikio, akaliachia, kisha akawageuza wote akarudi alikotoka.

Kesho yake sikuona mtu. Siku iliyofuata nilimwona anakuja anasukuma mkokoteni wa mkono, madumu yamepangwa juu, mke wake anasukuma kwa nyuma, magurudumu yanazama mchangani. Wale punda alikuwa amewapeleka kwa shemeji yake, ng'ambo ya Kisarawe. Umri wake, Baba, hautofautiani sana na wako. Alipita mbele ya geti letu anahema na hakunitazama. Nilirudi ndani nikawa nazunguka banda kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafuta pua za farasi, nachovya vitambaa, nachoma vitambaa, nafua, nazunguka tena. Kukaa siwezi. Nikikaa naona mkokoteni.

Wagonjwa sita waliinuka mmoja mmoja. Wa kwanza kupona alikuwa yule mgeni mwenyewe. Zabibu hakuinuka. Mafua yaliondoka, mapafu yakabaki na maji, na uzee ukamalizia. Daktari alimchoma sindano siku nne mfululizo. Asubuhi ya tano alilala chini ubavuni, akaweka kichwa juu ya gambuti langu, nami sikuthubutu kuvuta mguu. Alikata roho jua linaanza kuwa kali. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, na bado sikutaka kuutoa.

Mtu wa nje haruhusiwi kuingia, kwa hiyo kaburi tulichimba wenyewe. Farasi si mbuzi, Baba. Tulichimba tangu saa tatu mpaka alasiri, mchanga unabomoka, tunachimba tena. Nilikuwa nimeanza peke yangu kwenye kona ya mikorosho. Baadaye nikaona jembe la pili linashuka upande wa pili wa shimo. Shabani. Alikuwa amemwachia mwenzake wale wazima, akavaa ovaroli la kutupa. Tulichimba mpaka shimo likatufika kiunoni. Kisha akasema, "Vero, kaburi la mama limeshajengewa?"

"Limeshajengewa. Kaka zangu wamelimaliza."

"Basi hili tulichimbe vizuri." Akaniita jina langu, umeona.

Nililia pale, na sijui nilimlilia nani, Zabibu au mama. Nadhani wote.

Baba, sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu. Ninachokuomba ni kwamba ukiwa na nguvu uniandikie siku ile ilivyokuwa. Nani aliongoza sala, nani alichanganya saruji, wajukuu walivaa nini, wewe ulisema nini. Usiruke chochote hata kama unakiona kidogo. Na tafadhali, punda wako wasinywe kwenye birika la mnadani ambako wanyama wa kila mahali wanakunywa. Akiingia punda mgeni hapo kijijini, mtengeni. Akikohoa hata mara moja, semeni, hata kama kesho yake ni harusi.

Ni siku ya kumi na moja tangu kikohozi cha mwisho. Daktari anataka kumi na nne, kisha geti litafunguliwa. Wale watano wa Shabani hawakuugua hata mmoja. Nitakuja, ila nguo na viatu vya hapa nitaviacha hapahapa, na nitakaa siku chache kwa Eliza kabla ya kusogea zizini kwako.

Nisalimie dada yangu mkubwa Eliza, na mumewe anayekuletea magazeti. Nisalimie mdogo wangu mwalimu, mwambie chaki asimeze. Shangazi wa kwaya msalimie sana, na jirani yetu mama mkunga. Watoto wote uwabusu kwa niaba yangu, na yule aliyepewa jina la mama umbusu mara mbili.

Nilitaka kuishia hapo, lakini asubuhi hii nilipokuwa nachota maji Baba Zuhura alisimamisha mkokoteni barabarani. Ni mara ya kwanza.

"Binti! Zimebaki siku ngapi?"

"Tatu, mzee wangu!"

Akafikiri, akajipangusa jasho kwa kofia.

"Nitangoja nne," akasema, akainama akaendelea kusukuma.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Veronika