Kiungo Kilicho Juu ya Meza ya Maharusi

Jumapili usiku, Homa Bay

Nacheka peke yangu mpaka Mama amegonga ukuta.

Tangu Ijumaa sina amani. Tulikuwa tunamalizia kuyavalisha mabomba ya AC blanketi lao la sponji pale ukumbini, yasitoe jasho tena na kudondokea wageni, na yaache ile ngurumo. Jua likaanza kuzama. Sabato ni Sabato, nikashuka ngazi. Kiungo kimoja cha mabomba kikabaki bila kufungwa tepu, tena juu ya meza ya maharusi.

Leo harusini sikuona hata rangi ya gauni. Niliangalia dari tu. Na unyevu wa ziwa huu, AC imefunguliwa mpaka mwisho... kichwani nilishaona keki imelowa, na mimi sipati kazi tena mji huu.

Hakuna tone lililoanguka.

Tulipoinamisha vichwa kuomba, Ouma, mwenzangu wa kazi, aliyefika amechelewa, akaninong'oneza: "Hicho kiungo nilikifunga jana ukiwa kanisani. Nilikupigia, simu ilikuwa imezimwa."

Ouma ni Mkatoliki. Mungu ambariki.

"Ungeniua na presha, wewe," nikamjibu, kwa ile sauti tuliyozoea ukumbini humo, ya kushindana na mabomba.

Lakini mabomba yalikuwa kimya kabisa. Pasta akakatiza maombi. Ukumbi mzima ukageuka, bibi harusi akiwa wa kwanza.

Gauni ni la rangi ya maziwa. Ni zuri sana.