Mkoko wa Jumwa Kule Rabai

Mwaka umekatika, Jumwa wetu, tangu homa ya siku chache ikutoe mikononi mwetu. Bado mtu akipiga hodi jioni hapa Mikindani, mamako huinua kichwa haraka, kisha hukumbuka.

Ulikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, ukisomea maliasili na uhifadhi wake. Majirani walimsikitikia mama: "Caroline, mtoto ana akili hivyo, kwa nini asisomee uuguzi? Miti nayo yasomewa?" Wewe ukicheka tu, ukiwabebea ndoo zao za maji hadi mlangoni.

Ukirudi kutoka kwenye mikoko ya hapo chini baharini, tope limekufika magotini, mama alikuzuia kizingitini. "Jumwa, chuo chote hicho ndio unirudie kama kaa?"

"Abee, mama. Na kaa ana njaa."

Hukuwa na maneno makali. Baba mdogo Ngumbao alikuwa akikata mikoko auze boriti, nawe hukumsomea sheria. Ulimpelekea chai, ukamwomba akuachie kipande kimoja tu upande miche yako. Hajakigusa mpaka leo, na akikutaja huishia kujifuta macho.

Tulipokwisha kukuzika nyumbani Rabai, mama alichukua mche mmoja kwenye kitalu chako akaupanda kichwani pa kaburi. Alitaka kitu chako kimoja kiwe hai karibu nawe. Mkoko, Jumwa, juu mlimani, kwenye udongo mwekundu. Kila Jumamosi akajaza kidumu maji ya bahari, akapanda nacho Rabai kuunywesha. Sote tuliona kuwa haiwezekani, lakini hapakuwa na wa kumwambia. Majani yakawa manjano, yakapukutika, na mama hakuacha kwenda.

Mwezi uliopita rafikiyo Purity, mliyesoma naye darasa moja, alikuja kukuzuru kaburini akamkuta mama amepiga magoti na kidumu chake. Akamwambia taratibu, "Mamangu, hapa hautamea. Udongo ni mkavu, na hiyo chumvi ndiyo inaumaliza."

"Najua, mwanangu," mama akajibu. "Jumwa mwenyewe alinifundisha. Lakini nikija mikono mitupu, nitamfanyia nini?"

 Purity alishika kidumu upande wa pili, wakamimina pamoja.

Tumelia sana mwaka huu, na kilio hakijapungua. Nyumba imekuwa kimya mno bila wewe, na kaka yako Morgan hakubali mtu yeyote akalie kiti chako.

Wanaokukumbuka ni baba yako Chengo, mama yako Caroline, kaka yako Morgan, baba mdogo Ngumbao, rafikiyo Purity, na ndugu na jamaa wa Mikindani na Rabai. Tutakukumbuka, Jumwa, maadamu tungali hai.

Jumamosi hii mama atapanda tena na maji yake. Safari hii tutambebea.