Picha Niliyoshindwa Kuichoma

Kisangani

Mama yangu mpenzi,

Mwanao Kavira anakusalimu. Mgongo unaendeleaje? Malaria ya ndugu yako, tonton Kambale, imeisha? Mimi niko mzima, na nyumba ninayolala bado ina bati lake. Hapa siku hizi hiyo ni afya tosha.

Najua mlinisubiri nije nyumbani. Barabara ya Bafwasende haipitiki kwa vita, mto umefungwa, imebaki ndege tu, nayo iko mikononi mwa askari. Donc, basi, nilikwenda uwanjani na begi langu. Askari akasoma karatasi yangu ya ruhusa ya safari, akanitazama usoni.

"We iko mutu wa wapi?"

"Butembo."

"Mutu wa Butembo na nywele hii? We iko mundele, muzungu!"

Nikamwambia mama ni Munande, baba alikuwa Mgiriki mwenye duka, aliondoka kabla sijaota meno. Akafungua begi, akakuta picha nilizojipiga. Katika moja nimevaa kitenge kama wewe. Katika nyingine nimevaa koti na kofia ya mwanaume, masharubu nimejichora kwa makaa. Uliwahi kuniuliza kwa nini nafanya hivyo. Mama, barabarani kila mtu ananiambia mimi ni nani kabla sijafungua mdomo. Kwenye picha nasema mwenyewe.

"Huyu mwanaume iko nani? Mupelelezi?"

"Ni mimi."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Wakanipeleka kwa mkubwa wao, akaniamuru nitoe lile koti begini, nilivae mbele ya wanaume chumba kizima. Nikalivaa. Mkubwa akaweka picha kando ya uso wangu.

"Bon, iko weye kweli. Leo utapita mwanamuke, kesho mwanaume. Hautapanda ndege."

Karatasi yangu akabaki nayo. Tangu hapo kila asubuhi najionyesha kwao, nao wananiita Monsieur-Madame, Bwana-Bibi. Nikianika nguo, ndege inapita juu yangu kwenda kwenu. Mama, hata kulia nimechoka.

Mwishowe mkubwa akasema nichome picha zote mbele yake, nikiri kwamba ni upumbavu, atanipa karatasi. Mama Zaituni, mjane anayenipangisha chumba, akanisihi: "Zichome, mwanangu. Picha utapiga nyingine."

Juzi nilikwenda na kiberiti. Nilikuwa nimekubali. Ya koti niliichoma, ikajikunja. Ndipo mkubwa akaninyooshea ya kitenge.

"Hii pia. Mundele ndani ya kitenge! Hii ndiyo uongo zaidi."

Nikaitazama. Mama, pale nina paji lako na mdomo wako. Njiti ikaniunguza vidole, nikaitupa chini.

"Hii hapana," nikasema.

"Alors, basi utabaki."

Nikaitia ndani ya blauzi, nikatoka, hakuna aliyenizuia. Nje nikakaa chini barabarani.

Kwa hiyo siji, mama, wala sijui nitakuja lini. Usinikasirikie. Nisalimie tonton Kambale, na dada yangu, yaya Masika, na kichanga chake ambacho sijakiona. Koko, bibi yangu aliyenilea mgongoni, mwambie bado nasikia sauti yake.

Mimi, mutoto wa tumbo lako,
Kavira