Bwana Yangu Anapakaa Rangi Basoda ya Plomb, na Bantu Banasema Iko na Deuxième Bureau, Mwanamuke wa Pembeni

Mama Syntiche mupendwa, naomba unisaidie mbio, juu dimanche hii, siku ya ibada, bwana yangu atasimama mbele ya bazee ya kanisa, na ni kinywa yangu njo ilimupeleka pale. Tafazali usitaje jina yangu ku radio, kartiye yote ya Hewa Bora bananijua.

Bwana yangu, papa Chola, iko diacre, shemasi wa kanisa, muntu wa kimya, na kila samedi, siku ya mbele ya dimanche, anaendaka kartiye ya Karavia ku nyumba ya mujane moja, Honorine, bibi ya marehemu rafiki yake Jephté, anasema anaenda kupanga bintu ya marehemu, na mi namujibu muzuri, enda papa, Mungu akubariki, mpaka siku alirudia na rangi nyekundu ku midomo, Mama Syntiche, ku midomo, na shati inanukia Dettol, nikasema kumbe huyu anaoga kule mbele ya kurudia. Nikamuuliza, papa, ile nyekundu ni nini, akapanguza na mukono, akasema ni bintu ya kazi. Kazi gani ya samedi. Mi siko muntu wa kuongea sana, lakini moyo ikijaa inamwangika, nikaambia Marceline mudogo yangu, paka yeye peke, na mama Benita wa makala, na bamama ya chorale, baimbaji ya kanisa, juu baniombee, na ule anasukaka bantu nywele ku barrière ya barabara.

Bamama bakaanza kuniletea sombe ya majani ya muhogo, na samaki ya kukausha ya Pweto, bananikamata mukono, bananiita mama wa uvumilivu. Mu ile mateso nilinenepa, siwezi kuficha.

Samedi yenye kupita tukaenda kubakamata, mi na Marceline. Honorine alikuwa inje anachagula muchele, tukamupita mbio, tukasukuma mulango ya chumba ya nyuma. Mule haina kitanda. Iko meza kubwa na kitambaa ya rangi ya majani, na juu yake basoda badogo ya plomb, maaskari ya chuma ya kuchezea, urefu ya kidole, na farasi, na mizinga, bamevaa kama bazungu ya zamani sana, na bwana yangu amevaa lunettes mbili ya macho, moja juu ya ingine, anapakaa soda moja koti nyekundu, analamba burashi juu isongoke, anapakaa tena. Ku upande ingine papa Muhindo, ule mucuruzi wa Butembo mwenye bakamyo, muntu anaogopesha badouanier ya mupaka, amepiga magoti anapima meza na metre ya fundi ya nguo. Akanitazama, akasema:

“Mama, pole, mungojee kidogo. Napoléon anavuka muto.”

Bakanieleza. Ile basoda Jephté alibapataka kwa muzungu mumoja muzee alikuwa anarudia kwao. Chola anabaloveka mu Dettol, rangi ya zamani inatoka, kisha anabapakaa mupya, kila kikosi na rangi ya kola yake, na ukikosea kola papa Muhindo anakataa kupigana vita ya meza. Honorine anabapatiaka paka chai tu. Marceline alicheka mpaka akakaa chini.

Mu njia ya kurudia nikamuambia bwana yangu, papa, dimanche nitasema ukweli. Akasimama.

“Bibi, nakuomba. Acha baseme niko na mwanamuke. Kwa mwanamuke, batanitoa ku kiti mwaka moja, kisha batanirudisha. Lakini bakijua napakaa farasi rangi ya mukia, nani atanipatia tena micro ya kanisa?”

Na mi pia haya inanikamata. Mwanamuke mwenye banaiba bwana yake, bantu banamuheshimu. Mwenye bwana yake anacheza basoda, banamucheka mpaka ku soko. Honorine analalamika kidogo, bashemeki yake, bandugu ya Jephté, bamemuambia atoke mu nyumba ya kaka yao, lakini ule ni muntu wa kuvumilia. Sasa nifanye nini, ninyamaze bahukumu bwana yangu kama mwanaume, ao niseme bamucheke kama mutoto?

Mama wa Hewa Bora

*

Mama wa Hewa Bora, jina yako nimeificha, sawa uliniomba. Jina ya ule mujane uliiandika muzima, na avenue yake. Hapa anaitwa Honorine, na bale bengine pia kila mumoja jina ingine, juu ni mi nilibageuzia. Weye haukufikiria.

Nilikuwa nacheka, nakuambia ukweli, mpaka nikafika ku mustari ya bashemeki. Unaniuliza makambo ya bantu babili, kumbe ndani kuko batatu. Bwana yako anapoteza kiti ya mbele. Weye unapoteza sombe ya bure. Honorine anapoteza nyumba. Ni muntu wa kuvumilia, nani alikuambia? Ulimuuliza, ao ulimupita mbio na muchele yake?

Na weye papa Chola, juu najua uko unasikiliza: kupakaa basoda haiko zambi. Banaume bengine banafugaka njiwa na kuongea nayo, na hakuna muzee wa kanisa anabaita. Zambi ni kujua kola ya kila soda, kisha kuacha mwanamuke mwenye alikupatia chai avuliwe heshima, juu weye uonekane mwanaume.

Mama, leo, mbele ya kuweka sungu ya kupika ku moto, enda Karavia umuombe Honorine musamaha, bila Marceline. Kisha muende kwa bashemeki, weye na Chola na papa Muhindo. Muntu anaogopesha badouanier, bashemeki hawatamushinda. Mubebe basoda mu carton, babone na macho yao. Kisha urudie kwa mama Benita, ku chorale, ku barrière, pote kwenye ulipitaka, useme na sauti ileile. Batacheka. Acha bacheke, juu habari ya kuchekesha inakimbia kupita ya kulia, na mu Hewa Bora hakuna wa kukushinda ku ile kazi. Dimanche, bazee bakiuliza, Chola atoe soda moja mu mufuko amusimamishe ku meza yao.

Na kama utafika Karavia ukute bashemeki bamesha kufunga nyumba ya Honorine, usirudie kuniandikia. Mufungulie yako.